Jinsi ya Kunasa Mpito wa Sayari ya Mbali kwa Darubini Ndogo: Mwongozo Kamili

Grafu za mwanga wa nyota nilizoletewa na wasomaji miezi hii zinafanana kama mapacha. Mtu amekesha saa nne, ana picha mia mbili, na nukta zake zimetawanyika kama mtama uliomwagika uani. Mpito, yaani kufifia kidogo kwa nyota sayari yake inapopita mbele yake, haumo. Au umo, lakini hakuna anayeweza kuuapia.

Darubini zao zinatosha, na kamera pia. Kinachowaangusha ni kwamba wanafanya kazi ya mpiga picha wakati kazi hii ni ya mpimaji. Mpiga picha wa anga anataka nyota kali, ndogo, zenye rangi. Mpimaji anataka jambo moja tu: uwiano wa mwanga wa nyota moja na majirani zake, huku kila kitu kingine kikibaki vilevile kuanzia picha ya kwanza hadi ya mwisho. Karibu kila onyo lililomo humu linatokana na sharti hilo la kila kitu kingine kubaki vilevile.

Hesabu ya msingi ni fupi. Sayari ikipita mbele ya nyota yake, huziba sehemu ya mwanga. Gawanya kipenyo cha sayari kwa kipenyo cha nyota, kisha zidisha jibu kwa lenyewe. Hicho ndicho kina cha mpito. Mshtarii mbele ya Jua ungeziba takriban asilimia 1. Dunia mbele ya Jua ingeziba asilimia 0.008, kiasi ambacho angahewa letu halitakuruhusu kukiona. Lakini iweke Dunia hiyohiyo mbele ya nyota yenye kipenyo cha sehemu ya kumi ya Jua, na kina kinapanda hadi asilimia 0.8. Ndiyo sababu nyota ndogo zinatafutwa sana na watu wenye darubini za ardhini, nami nitazirudia mwishoni.

## Vitu unavyohitaji

- Darubini yenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 30. Sentimita 20 inatosha kwa kila kitu kilichomo kwenye hatua kumi zinazofuata.
- Stendi ya ikweta yenye mota, inayoweza kufuata nyota kwa saa nne bila kuguswa.
- Kamera ya anga isiyo ya rangi, ikiwezekana yenye kipoza joto. Kamera ya rangi inafaa pia ukipima chaneli ya kijani peke yake.
- Kichujio chekundu (R). Ukipata kile kinachozuia bluu na kupitisha rangi nyingine zote, kitakupa mwanga mwingi zaidi.
- Kompyuta ambayo saa yake inasawazishwa kupitia intaneti au GPS.
- Programu ya AstroImageJ, ambayo ni ya bure na inafanya usahihishaji, upimaji na ulinganishaji wote mahali pamoja.
- Mkanda wa kupasha joto lenzi ili umande usitue. Kifaa hiki kidogo kimeokoa usiku mwingi kuliko kichujio chochote.
- Umeme wa kutosha usiku kucha, na nafasi ya kuhifadhi mamia ya picha.

Kama huna darubini, usikate tamaa. Mradi wa NASA uitwao Exoplanet Watch hutoa picha zilizopigwa na darubini za roboti za MicroObservatory, zenye kipenyo cha sentimita 15 tu, pamoja na programu ya EXOTIC ya kuzichambua. Anza na hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Chagua nyota inayokufaa

Kosa la kwanza hutokea hapa, na hutokea kwa nia njema. Mtu anasoma kwamba HD 189733 b ina mpito wa kina cha asilimia 2.4 na nyota yake ina mwangaza wa mag 7.7, kwa hiyo anaikimbilia. (Kumbuka kwamba mag ni kipimo cha mwangaza wa nyota, na namba yake ikiwa kubwa, nyota ni hafifu zaidi.) Nyota hiyo ni angavu mno. Inajaza kamera kwa sekunde chache, na nyota za jirani ni hafifu kuliko yenyewe, kwa hiyo huna cha kuilinganisha nacho. Juu ya hayo ina madoa na mwanga wake wenyewe hupanda na kushuka.

Tafuta nyota ya mag 10 hadi 12.5, yenye mpito wa asilimia 2 au zaidi, usiozidi saa mbili. Tatu ninazopendekeza:

- WASP-43 b. Huzunguka nyota yake kila baada ya siku 0.81, yaani saa 19 na nusu. Kina chake ni asilimia 2.5, na mpito hudumu saa moja na dakika chache. Iko karibu na ikweta ya anga, hivyo huonekana pande zote mbili za dunia.
- TrES-3 b, kwa walio kaskazini. Mzunguko wake ni siku 1.31, kina kinazidi kidogo asilimia 2.5, na mpito ni wa takriban dakika 80.
- WASP-19 b, kwa walio kusini. Mzunguko wa siku 0.79, kina cha asilimia 2, muda wa saa moja na nusu hivi.

Mzunguko mfupi una faida yake: ukiharibikiwa leo, fursa nyingine haiko mbali.

Umefanikiwa ikiwa: kwenye uwanja wa picha yako nyota lengwa ina angalau majirani watatu wasiozidiana nayo sana kwa mwangaza. Angalia ramani kabla ya kutoka nje. Kuisogeza nyota lengwa pembeni kidogo ya picha ili jirani mzuri aingie ni jambo jema kabisa.

## Hatua ya 2: Hesabu saa ya mpito

Wakati wa mpito hupatikana kwa kuchukua mpito mmoja unaojulikana na kuongeza idadi ya mizunguko mara muda wa mzunguko mmoja. Huna haja ya kuifanya kwa mkono: NASA Exoplanet Archive, kanzidata ya wapenzi wa anga ya ETD na mradi wa ExoClock zote hukupa orodha ya mipito inayoonekana kutoka mahali ulipo, ukiingiza latitudo na longitudo yako.

Chuja orodha hiyo kwa masharti matatu. Nyota isishuke chini ya nyuzi 30 juu ya upeo wa macho wakati wowote wa zoezi, kwa sababu hapo mwanga wake unapita kwenye angahewa maradufu ya ule unaotoka utosini. Mwezi usiwe karibu nayo. Na giza liwepo saa nzima kabla ya mpito kuanza, na saa nzima baada ya kwisha.

Sharti la mwisho ndilo wengi hulidharau. Kina cha mpito hupimwa kutoka usawa wa kawaida wa nyota, na usawa huo unaupata tu pale sayari haipo mbele yake. Grafu inayoanza katikati ya mpito ni kama kupima kina cha kisima bila kujua ukingo uko wapi.

Onyo: andika kila kitu kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa mfumo wa saa 24. Ukiandika "saa tatu usiku" kwenye daftari, baada ya wiki mbili utajikuta unakisia.

## Hatua ya 3: Sawazisha saa na stendi

Saa ya kompyuta isipotee hata sekunde moja. Isawazishe kabla ya kuanza, kisha ikague tena katikati ya usiku, maana kompyuta nyingine hupoteza sekunde kadhaa ndani ya saa chache zikikosa intaneti.

Upande wa stendi, elekeza mhimili kwenye ncha ya anga kwa uangalifu kuliko kawaida yako. Mhimili ukikosewa, picha huzunguka polepole hata kama nyota ya kuongozea, ile ambayo stendi inaifuata, haijatikisika. Nyota lengwa haitakiwi kuhama zaidi ya pikseli chache usiku mzima. Kila pikseli ina usikivu wake, na nyota inayotembea juu ya pikseli mia moja hukupa grafu ya kamera yako, si ya nyota.

Kama una stendi ya Kijerumani, ile inayolazimika kugeuka nyota ikivuka mstari wa kaskazini-kusini, hesabu saa ya kugeuka huko. Ikiangukia ndani ya mpito, chagua usiku mwingine. Baada ya kugeuka nyota inaangukia upande wa pili wa kamera, na grafu hupata ngazi ambayo hesabu haiiondoi vizuri.

## Hatua ya 4: Muda wa picha na fokasi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa nusu ya grafu mbovu nilizoziona zilikufa kwenye hatua hii.

Kuna vyanzo viwili vya mtawanyiko usivyoweza kuvikwepa. Cha kwanza ni idadi ya chembe za mwanga. Ukikusanya elektroni 10,000 kutoka kwa nyota, mtawanyiko wako hauwezi kuwa chini ya asilimia 1. Ukikusanya milioni moja, unashuka hadi asilimia 0.1. Unahitaji mwanga mwingi, basi.

Cha pili ni kumetameta. Angahewa hutikisa mwanga wa nyota hata usiku mtulivu, na darubini ndogo huumia zaidi. Kwa darubini ya sentimita 20 karibu na usawa wa bahari, nyota ikiwa nyuzi 42 juu, picha ya sekunde 10 itakuwa na mtawanyiko wa takriban asilimia 0.5 kwa sababu ya kumetameta peke yake. Picha ya sekunde 60 inashusha hadi asilimia 0.2. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha mtama uliomwagika na mpito unaoonekana kwa macho.

Kwa hiyo lenga picha za sekunde 45 hadi 120. Usizidi hapo: sayari huchukua dakika kadhaa tu kuingia mbele ya nyota, nawe unataka nukta nyingi kwenye mteremko huo, kwani ndio unaokuambia saa ya mpito.

Lakini nyota ya mag 11 kwa sekunde 60 itajaza pikseli! Ndiyo. Na jibu lake ndilo linalowauma wapiga picha: haribu fokasi makusudi. Sogeza kifokasi hadi nyota itanuke na kuwa duara, au pete ndogo kama darubini yako ina kioo cha pili mbele. Mwanga uleule sasa umegawanywa juu ya pikseli mamia. Hakuna inayojaa, na kasoro ya pikseli moja haina nguvu tena juu ya jumla.

Jinsi ya kuipata kwa vitendo:

1. Weka fokasi kali kwanza, uandike namba ya kifokasi.
2. Sogeza kidogo kidogo huku ukipiga picha za sekunde 60.
3. Soma pikseli angavu kuliko zote ndani ya nyota lengwa na ndani ya kila nyota utakayolinganisha nayo. Kamera ya biti 16 hukomea 65,535. Simama pikseli hiyo ikiwa kati ya 20,000 na 35,000.
4. Hakikisha duara la nyota halijagusana na la jirani. Likigusana, rudisha fokasi na upunguze sekunde.

Pengo unaloliacha juu si anasa. Nyota ikipanda angani inang'aa zaidi, na bomba la darubini likipoa fokasi hujirudisha yenyewe. Nyota iliyokuwa salama saa ya kwanza hujaa saa ya tatu, na ikijaa hapo huwezi kuirekebisha baadaye kwa programu yoyote.

Umefanikiwa ikiwa: picha zako ni mbaya kutazama, na pikseli angavu kuliko zote iko kati ya theluthi na nusu ya uwezo wa kamera.

## Hatua ya 5: Picha za kusahihishia

Piga aina tatu, kila moja 30 au zaidi.

Picha za giza: kifuniko mbele, halijoto na sekunde zilezile za picha za nyota. Picha za sifuri: kifuniko mbele, muda mfupi kabisa ambao kamera inaruhusu. Picha za mwanga sawa: elekeza darubini kwenye anga la machweo au kwenye paneli nyeupe yenye mwanga uliosambaa, hadi kamera ifike nusu ya uwezo wake.

Hizi za mwisho ndizo zenye masharti. Zinaonyesha vumbi lililotua wapi na kingo zimefifia kiasi gani, kwa hiyo zipigwe kwa fokasi ileile iliyoharibiwa, kichujio kilekile, na kamera ikiwa haijazungushwa hata nyuzi moja. Niliwahi kuuharibu usiku mzima wa WASP-43 kwa kulegeza kamera alfajiri, nikaikaza tena, kisha nikapiga picha za mwanga sawa. Vivuli vya vumbi vilikuwa vimehama, na usahihishaji ukachora madoa mapya juu ya yale ya zamani. Tangu hapo ninazipiga jioni, kabla ya kitu chochote kulegezwa.

## Hatua ya 6: Kesha, na usiguse kitu

Anza kupiga saa moja kabla ya mpito. Sekunde zilezile, kichujio kilekile, kiwango kilekile cha kamera kukuza ishara (gain), hadi mwisho. Zima kila kitu chenye neno "otomatiki" upande wa kamera. Hifadhi kwa muundo wa FITS. JPEG hubana namba na kuzibadilisha, na namba ndizo mali yako yote.

Kila nusu saa kagua mambo matatu: nyota ipo kwenye pikseli zilezile, pikseli angavu haijakaribia kujaa, na lenzi haina umande. Umande ni mwizi mpole. Mwanga unashuka taratibu kwa saa nzima, nawe unafikiri ni wingu jembamba.

Wingu jembamba lililotanda sawasawa si msiba, kwa sababu linafifisha nyota zote pamoja na uwiano unabaki. Wingu la vipande ni msiba. Liandike kwenye daftari pamoja na saa yake.

## Hatua ya 7: Safisha na upime

Ndani ya AstroImageJ, unganisha picha za kusahihishia za kila aina kuwa moja kwa kuchukua namba ya kati, kisha iache programu itoe giza na igawanye kwa mwanga sawa. Baada ya hapo zipange picha zote zilingane.

Sasa chora duara la kupimia juu ya nyota lengwa. Lianze kuwa na nusu kipenyo kinachokaribia mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa nyota, pamoja na pete ya nje ya kupimia mwanga wa anga. Hakuna ukubwa mmoja sahihi. Jaribu saizi tano au sita tofauti, na uchague ile yenye mtawanyiko mdogo kabisa nje ya mpito. Pete ya anga isiwe na nyota nyingine ndani yake.

Mwambie AstroImageJ ageuze saa kuwa BJD-TDB. Dunia ikizunguka Jua, mwanga wa nyota hutufikia mapema au kuchelewa hadi dakika 8, kutegemea tuko upande gani wa mzingo. Hesabu ya BJD hupeleka saa zote kwenye kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua ili vipimo vya Januari na vya Julai vilingane. Na TDB, kipimo cha saa wanachotumia wanaastronomia, kiko mbele ya UTC kwa sekunde 69. Mipito kadhaa niliyoambiwa "imechelewa" ilikuwa na kosa la hapa tu.

## Hatua ya 8: Chuja nyota za kulinganishia

Usichukue zile tatu za kwanza unazoziona. Weka nane au kumi, kisha uziondoe moja moja kwa ushahidi.

Kwanza, linganisha kila moja na jumla ya nyingine. Grafu yake iwe mstari mnyoofu. Ikipinda au kuruka, huenda ni nyota inayobadilika, au ipo juu ya kivuli cha vumbi, au ukingoni mwa picha. Itoe.

Pili, angalia rangi. Angahewa hula bluu kuliko nyekundu. Kama nyota lengwa ni nyekundu na unailinganisha na nyota za manjano, kadiri zinavyoshuka angani zile za manjano hupoteza mwanga haraka zaidi, na nyota yako inaonekana kana kwamba inapanda. Mteremko huo hauna uhusiano wowote na sayari. Tafuta majirani wenye rangi inayokaribiana, na hapa ndipo kichujio chekundu kinapokusaidia, kwa kuwa kinaondoa bluu inayoleta ugomvi.

Tatu, iache nyota moja kama shahidi. Isiingie kwenye hesabu. Iwe na mwangaza unaokaribia wa nyota lengwa, na ichorwe chini ya grafu yako. Shahidi akishuka saa ileile ambayo mpito wako unashuka, huna mpito.

Onyo: usifute nukta kwa sababu haziko unapotaka ziwe. Futa kwa kanuni uliyoiweka kabla: kwa mfano, picha ambazo jumla ya mwanga wa nyota zote za kulinganishia imeshuka kwa theluthi, au ambazo nyota imeruka pikseli tano. Nyota lengwa yenyewe isiwe na kura kwenye uamuzi huo.

## Hatua ya 9: Linganisha na mfano wa mpito

Ipe programu muda wa mzunguko na ukubwa wa nyota kutoka kwenye kanzidata, na uviache vitu vingine vitafutwe: saa ya katikati ya mpito, kina, na mwinamo wa mzingo.

Halafu kuna kunyoosha mteremko. AstroImageJ inakuruhusu kuondoa athari ya unene wa angahewa, ya mahali nyota ilipo kwenye kamera, ya mwanga wa anga, na nyinginezo. Anza na unene wa angahewa peke yake. Ongeza kingine iwapo tu BIC, kile kipimo kinachoonyeshwa na programu cha kupima kama nyongeza inastahili, kinashuka waziwazi. Ukiongeza vinne au vitano kwa pamoja, hesabu itapata njia ya kunyoosha chochote, hata kukuchongea mpito palipokuwa na wingu.

Umefanikiwa ikiwa: mabaki baada ya kutoa mfano hayana umbo, yametawanyika juu na chini ya sifuri kwa asilimia 0.3 au 0.4 kwa kila picha. Kina chako kinakaribiana na kinachojulikana. Na saa ya katikati ina kosa la dakika moja au mbili.

## Hatua ya 10: Jiulize kama ni kweli

Mpito wa kawaida una chini yenye mviringo kama bakuli, kwa kuwa nyota hung'aa zaidi katikati kuliko kingoni. Umbo la V huashiria sayari inayogusa ukingo wa nyota tu, au nyota mbili zinazozibana. TrES-3 b hupita karibu na ukingo, kwa hiyo usishtuke grafu yake ikikaribia umbo la V.

Kipimo chako kikiwa safi, kipeleke ExoClock, ETD au AAVSO, chama cha wachunguzi wa nyota zinazobadilika. Fikiria sayari kama WASP-43 b inayozunguka mara 449 kwa mwaka. Muda wa mzunguko ukikosewa kwa sekunde 1 tu, baada ya mwaka mmoja saa ya mpito itakuwa imepotea kwa dakika 7 na nusu. Darubini kubwa hazina usiku wa kupoteza kwa makosa hayo, na ExoClock ilianzishwa ili kuziweka saa hizo sawa kwa ajili ya chombo cha Ariel cha shirika la anga la Ulaya. Namba yako inatumika kweli.

## Ukitaka kushuka kwenye nyota ndogo

Usije huku kabla hujapata mipito mitatu safi ya kawaida. Nyota kibete nyekundu zina tabia zake.

Mfano mzuri wa kuanzia ni GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009 na mradi wa MEarth kwa darubini za sentimita 40. Kina chake ni asilimia 1.3 hivi na mpito hudumu takriban dakika 50. Kwa mwanga wa kawaida nyota yake ni mag 14.7, lakini karibu mwanga wake wote uko upande wa nyekundu na infraredi. Basi badilisha mambo matatu.

Tumia kichujio cha I (cha infraredi ya karibu) badala ya R, maana huko ndiko nyota iliko. Vibete hivi pia hulipuka: mwanga unaruka ghafla, kisha unashuka taratibu, na mlipuko ni mkubwa zaidi kwenye bluu. Kichujio cha I huupunguza.

Acha kuharibu fokasi. Nyota hafifu ikitandazwa juu ya pikseli nyingi inamezwa na mwanga wa anga. Fokasi iwe ya wastani, na picha ndefu kadiri mpito unavyoruhusu.

Na uchunge mvuke wa maji. Upande wa infraredi mvuke hunyonya mwanga, na kibete chekundu hupoteza zaidi kuliko majirani wake. Mvuke ukiongezeka kwa saa moja kisha ukapungua, utapata bonde linalofanana na mpito kwa kila hali, chini ya anga lisilo na wingu hata moja. Mradi wa SPECULOOS, wenye darubini nne za mita 1 huko Paranal nchini Chile, hulazimika kusahihisha athari hii. Wewe huna kipima mvuke, kwa hiyo dawa ni kurudia: bonde la kweli litarudi saa ileile ya ratiba, la mvuke halitarudi.

TRAPPIST-1, yenye sayari saba, ndiyo ndoto ya kila mtu. Sayari zake tatu za kwanza zilitangazwa mwaka 2016 kwa kazi ya darubini ya sentimita 60 iliyoko La Silla, Chile. Nyota ina kipenyo cha asilimia 12 ya Jua, na mipito ya sayari mbili za ndani ni ya takriban asilimia 0.7. Lakini kwa mwanga wa kawaida ni mag 18.8. Kwa sentimita 20 usijaribu. Kwa sentimita 40 na zaidi, ukiwa na kichujio cha I, inawezekana ukiwa tayari kuunganisha mipito ya usiku kadhaa.

## Na vibete kahawia

Kibete kahawia ni gimba lenye uzito wa kuanzia Mshtarii 13 hivi hadi karibu 75 au 80. Ni kizito mno kuitwa sayari, chepesi mno kuchoma haidrojeni kama nyota. Kwa kipenyo, hata hivyo, karibu vyote vinalingana na Mshtarii. Hilo lina athari ya moja kwa moja kwenye grafu yako: kibete kahawia kikipita mbele ya nyota, kina chake ni kilekile cha sayari kubwa. Darubini yako haiwezi kuvitofautisha. Anayeweza ni mwenye spektrografu inayopima jinsi nyota inavyoyumba, kama HARPS ya La Silla, au CARMENES ya Calar Alto nchini Uhispania iliyotengenezwa mahsusi kwa vibete vyekundu. Ukipata mpito kwenye nyota ambayo haijathibitishwa, andika "kitu chenye ukubwa wa Mshtarii" na uishie hapo.

Kuna kazi nyingine unayoweza kuifanya ukipata muda kwenye darubini ya sentimita 50 au 60: kufuatilia mawingu. Luhman 16, jozi ya vibete kahawia iliyo umbali wa miaka ya nuru 6.5 hivi, ilipimwa mwaka 2013 na darubini ileile ya sentimita 60 ya La Silla. Mwanga wake ulipanda na kushuka kwa kiasi cha asilimia 11 kila baada ya saa 4.87, kadiri mawingu ya kimojawapo yalivyozunguka, na umbo la grafu likabadilika kutoka usiku mmoja hadi mwingine.

Kwa kazi hii kanuni za hatua ya 2 zinageuka, kwani hakuna saa ya kuanza wala ya kwisha. Piga mfululizo wa saa tano au zaidi bila kukatika, kwa kichujio cha I, ukiwa na nyota nyekundu kabisa unazoweza kupata za kulinganishia. Rudia usiku unaofuata kwa pikseli zilezile na majirani walewale. Usiunganishe siku mbili kuwa grafu moja: ziweke moja juu ya nyingine, kisha tazama mawingu yamehamia wapi.